Tomati ya Goma, ya Bukavu au ya Lubumbashi: ipi uipande kwenye parseli yako?

Katika familia yetu sahani ya tomati haikai mezani dakika tano bila kesi. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, nimeolewa Goma, na wifi yangu mkubwa amejenga Lubumbashi. Siku ya ndoa ya mdogo wa mume wangu, miaka kadhaa iliyopita, wifi alishuka kwenye ndege na katoni ya tomati ndefu, ngumu, nyekundu mpaka ndani. Shangazi yangu alivuka ziwa na beseni la tomati bapa, zenye mikunjo kama boga dogo. Mume wangu hakusema neno. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye mawe yake, akarudi na vitomati vimejaa kofia.

"Shemeki, tomati ya Bukavu ni mayi tupu," wifi aliniambia. Shangazi akadakia kwamba ya Lubumbashi ni mpira, ukiidondosha inarudi mkononi. Mume wangu akasema asiyekaa karibu na volkano asiongee habari ya tomati. Kesi ilipelekwa kwa mama mkwe, naye hakuonja hata moja. Aliuliza tu: "Munapika nini?"

Nimelima tomati katika miji yote mitatu: Bukavu kwa mama yangu, Lubumbashi miaka minne mume wangu alipokuwa na kazi kule, na sasa Goma. Kwa hiyo naomba nisishtakiwe kwa upendeleo, ingawa upendeleo ninao na utauona.

Goma: bustani juu ya jiwe

Tunakaa Majengo. Anayeijua Goma anajua maana yake: ukichimba shimo la kupanda mgomba unakutana na jiwe kabla jembe halijashika joto. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena upande wa Kibati na Buhene. Lava ya mlima huu ina kidogo tu yale madini ya silika yanayoifanya lava iwe nzito, ndiyo maana hukimbia kama uji mwepesi. Ikipoa, watu hurudi, hujenga juu yake, na anayetaka bustani huununua udongo. Wetu ulikuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, gunia kwa gunia. Mume wangu alipanga mawe mpaka usawa wa magoti, akatandika udongo, samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni, na hicho ndicho anachokiita shamba.

Fahari ya watu wa Goma ni kwamba volkano ndiyo inayotia utamu. Waitaliano nao wana maneno hayo hayo kuhusu San Marzano, tomati ya chini ya mlima Vesuvius, ambayo jina lake linalindwa na sheria ya Ulaya tangu 1996. Lakini kule mizizi inazama kwenye majivu ya kale yaliyokwisha kuwa udongo wa kina, bonde zima. Sisi mizizi yetu inagonga jiwe la juzi. Madini yamo ndani ya jiwe hilo, ila tomati haina meno ya kulitafuna.

Jiwe linasaidia kwa njia nyingine. Mvua ikinyesha saa nzima, nusu saa baadaye hakuna dimbwi, kwa hiyo mizizi haiozi. Halafu jiwe jeusi linakunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Hapa tuko kwenye mita 1,500 hivi, na usiku hushuka mpaka nyuzi 14 au 15. Ua la tomati hushika tunda vizuri usiku ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20, basi ule uvuguvugu wa mawe si kitu cha kudharau. Tatu, na hapa mume wangu huondoka chumbani, ni kiu. Mmea usiopata maji mengi hutoa matunda madogo, na sukari yake haichujuki. Utamu wa tomati ya Goma kwa sehemu kubwa unatokana na ukavu.

Ukavu huo una bei yake. Mche uliokwisha kubeba matunda unahitaji lita moja mpaka mbili kwa siku. Miche 20 ni bidoni moja au mbili za njano, zile za lita 20, kila siku, na kwa kartie ambazo bomba limekauka, bidoni ni hela. Ukimwagilia leo, ukaruka kesho, ukafidia keshokutwa, utaona kitako cha tunda kinakuwa cheusi na kuzama ndani kama ngozi. Majirani wengi hukimbilia dawa ya chupa. Ule si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisi kwa sababu maji yanayoibeba yalikatika njiani. Dawa yake ni kumwagilia kidogo kila asubuhi na kufunika udongo kwa nyasi kavu au maganda ya maharagwe. Mimi nilipoteza karibu nusu ya mavuno yangu ya kwanza hapa kwa kumsikiliza muuza dawa, na bado namwonea hasira.

Wa upande wa Rusayo wana taabu nyingine: upepo huwapelekea moshi wa mlima, na mvua ikipita ndani ya moshi huo hubabua majani. Huko panda chini ya ukingo wa bati, la sivyo utababaika bure.

Bukavu: udongo upo, jua linategea

Bukavu tumepewa udongo, tukanyimwa mahali pa kuuweka. Parseli, yaani viwanja vya nyumba, ziko mgongoni mwa vilima, nyumba imekalia kichwa cha nyumba nyingine, na mvua kubwa ikija, bustani ya wa juu inakuwa ya wa chini. Mama yangu alipanda kwenye ngazi tatu alizozuia kwa mawe na matete, na kila mwaka alipandisha udongo ule ule kwa ndoo kurudi juu.

Udongo wenyewe si mmoja. Wakulima wa Bushi, huko Kabare na Walungu, wanautofautisha kwa majina: kalongo ni ule mwekundu uliochoka, wenye asidi, civu ni ule mweusi wenye rutuba. Watu wa mjini husema "udongo wa Bukavu ni mzuri" kana kwamba wote ni civu. Kama wako ni kalongo, tomati itakaa rangi ya zambarau kwenye majani, itadumaa, na samadi kidogo haitaibadilisha. Changanya majivu au chokaa ya shambani wiki kadhaa kabla ya kupanda, halafu samadi iliyooza vizuri, viganja viwili kila shimo.

Ule mfinyanzi unashika maji. Ndiyo maana tomati ya Bukavu huwa kubwa bila kunyweshwa kila siku, na ndiyo maana wifi anaiita maji tupu. Hajakosea sana. Mvua kubwa ikifuata siku za jua kali, tunda linavimba haraka kuliko ngozi yake na kupasuka kuzunguka kikonyo.

Adui mkubwa lakini ni mildyu, ambayo vitabu vya kilimo vya Tanzania huiita bakajani chelewa. Inapenda hasa kile Bukavu inachokigawa bure: ukungu wa asubuhi, majani yaliyolowa mpaka saa nne, ubaridi wa wastani. Doa la kijivu-kahawia linaanza kwenye jani, chini yake unaona unga mweupe, na kabla ya wiki kwisha bustani inaonekana kama imemwagiwa maji ya moto. Ugonjwa huo huo unashika viazi mviringo, kwa hiyo kama jirani ana viazi, umepakana na hatari.

Nilichojifunza kwa mama ni kuhesabu miezi kurudi nyuma. Wengi hupanda na mvua za Septemba kwa sababu ndivyo msimu A, ule wa kwanza wa kilimo, unavyoanza kwa maharagwe. Tomati haifuati kalenda ya maharagwe. Sia mbegu kitaluni katikati ya Machi, hamisha miche katikati ya Aprili, maua yatoke mwisho wa Mei mvua zinapochoka, uvune Julai na Agosti. Utabeba maji, ndiyo, lakini utavuna.

Na hapa niwaumbue wa kwetu. Sehemu kubwa ya tomati nzuri mnazozisifia kwenye soko la Kadutu hazikuota Bukavu. Zimepanda kutoka uwanda wa Ruzizi, Kamanyola, Luvungi, Sange, mamia ya mita chini yetu, ambako joto ni la kweli. Tunajisifia jasho la watu wa chini.

Lubumbashi: misimu miwili isiyosalimiana

Nilipofika Lubumbashi nilipanda Novemba na mvua za kwanza, kama mtu wa Kivu. Kufikia Januari sikuwa na kitu. Miche ilinyauka mchana ikiwa bado kijani kibichi, jirani akanionyesha namna ya kujua: kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, ngoja dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kunyunyizia. Ng'oa, choma, na mahali hapo usirudishe tomati, biringanya, pilipili wala viazi kwa miaka mitatu. Weka mahindi au vitunguu.

Bustani ya tomati ya Lubumbashi ni ya kiangazi. Mvua zinakoma Aprili, jua linawaka kila siku mpaka Oktoba, majani yanakaa makavu na mildyu haina pa kushikia. Ndiyo siri ya zile tomati ngumu za wifi. Walio kando ya maji, kama mabonde ya Kafubu, ndio wanaolisha mji huo. Ila Juni na Julai usiku ni baridi kuliko Goma, unashuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na ua linaloanguka bila tunda mwezi huo halikurogwa. Panda mapema, Machi, ushike matunda ya kwanza kabla ya baridi, au ngoja ushike ya Agosti na Septemba. Na usipande bondeni kabisa: hewa baridi inateremka na kulala huko kama maji.

Kwenye majani makavu yenye vumbi tazama utando mwembamba upande wa chini. Ni utitiri mwekundu. Maji ya bomba yakimwagwa kwa nguvu chini ya jani yanauondoa kuliko dawa nyingi.

Ardhi yao nyekundu nayo ina asidi, lakini Mungu amewapa vichuguu. Mtu asiyefika Katanga hawezi kuelewa: vichuguu virefu kuliko nyumba, mpaka ndani ya parseli. Udongo wake una asidi pungufu na kalisi zaidi kuliko ardhi iliyouzunguka. Nilikuwa navunja mabonge, nachanganya ndoo moja kwa kila mita ya tuta, na matokeo niliyaona mwaka huo huo. Usijaze tuta zima kwa kichuguu peke yake, kwa sababu kikikauka kinakuwa tofali. Ndiyo maana wanakifyatulia matofali.

Jambo moja wifi hapendi kulisikia. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911, na lile bomba refu la moshi na mlima mweusi wa taka zake ndivyo alama za mji. Miaka mingi vumbi lake liliangukia upande ambao upepo unakwenda, na ardhi ya huko ina shaba, kobalti, risasi na kadmiamu. Majani ndiyo hubeba zaidi: lenga-lenga na matembele ni hatari kuliko tunda la tomati. Hata hivyo, kama uko upande ule, panda kwenye magunia au matuta ya udongo ulioletwa kutoka mbali, na osha tunda kabla ya kulikata.

Mvua zinapokuwa nyingi na bustani zimeanguka, masokoni tomati zinaingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na fahari ya mji inanyamaza kidogo mpaka Mei.

Sasa mbegu

Zile ndefu za wifi zilikuwa Rio Grande, ndugu mkubwa wa Roma. Roma ilizalishwa Marekani miaka ya 1950, na Roma VF inastahimili minyauko miwili ya fangasi, ndiyo maana ya herufi hizo kwenye kopo. Zote mbili ni fupi: hukua mpaka kiunoni, huzaa kwa pamoja ndani ya wiki chache, kisha huchoka. Ngozi nene, nyama nyingi, maji machache. Mchuzi wake unakolea haraka, na anayenunua makaa kwa kikopo ataelewa thamani ya hilo. Ukiila mbichi na chumvi, ni kweli alivyosema shangazi: mpira.

Za shangazi ni Marmande, jina la mji wa Ufaransa, mbegu tuliyoizoea kwenye makopo ya Kifaransa tangu wazee. Tamu mbichi, na kitunguu na avoka haina mshindani. Lakini ina ngozi laini. Ukiisafirisha kwa gari la Walungu inafika mchuzi. Na mildyu inaipenda kama watoto wanavyopenda beignet. Ni ya mtu mwenye bati la kuikinga mvua na watu wa kuila siku hiyo hiyo.

Vitomati vya mume wangu havina kopo. Viliota kwenye jalala la jirani, kama vinavyoota kila mahali, akavihamisha. Ni virefu, vinatambaa, vinahitaji mti wa kuvifunga na mtu wa kuondoa machipukizi ya kwapani kila wiki. Tomati ndogo za namna hii kwa kawaida huvumilia mildyu kuliko kubwa, na mvua haizipasui sana. Vinazaa miezi na miezi. Uchachu wake kwenye sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, sijui niseme nini. Kwa mchuzi wa watu 30 vitakutoa machozi, maana utamenya mpaka jioni.

Kuna nyingine mbili ninazozijua. Money Maker, ndefu, ya Kiingereza, mviringo wa wastani, nzuri kwa mtu asiyejua anachotaka. Na Tengeru 97 kutoka Tanzania, iliyotolewa Arusha mwaka 1997, yenye ustahimilivu wa mnyauko wa fuzari na minyoo fundo ya mizizi. Ukiipata, kwenye ardhi iliyolimwa tomati mara nyingi ningeichagua kabla ya Roma. Mbegu za F1, yaani chotara, ni ghali na zinazaa kweli, lakini ukihifadhi mbegu zake mwaka unaofuata hujui utazaa mtoto wa nani. Hizi nyingine mbegu ni yako: kamua kwenye kikombe, acha siku mbili au tatu zichachuke, osha, anika kivulini kwenye sahani, si kwenye karatasi, zitagandana.

Kwa hiyo?

Kama uko Goma juu ya lava na maji unayanunua, chukua ndogo za kienyeji, miche sita tu, kwenye mawe yanayopigwa na jua la jioni. Hiyo ndiyo ardhi pekee niliyoona vitomati vile vikifikia utamu ule. Kama bomba linatoka, ongeza Roma tuta moja.

Bukavu, Marmande bila bati ni sadaka. Mwenye bati apande mbili, tatu, za kujisifia, na nyuma yake aweke Roma ya Aprili ya kumlisha. Mwenye kalongo na asiye na samadi aache tomati mwaka huu, apande maharagwe kwanza.

Lubumbashi kiangazi, Rio Grande, sina la kubishana na wifi. Masika apande vichache mno, juu ya tuta refu, mahali ambapo hapajawahi kuwa na tomati.

Mwaka huu nina Roma kumi, ndogo sita, na Marmande mbili chini ya paa la jiko ambazo mume wangu anapita akijifanya hazioni. Mwezi uliopita wifi alipiga simu usiku. Mvua imemmalizia Rio Grande zote. Baada ya salamu ndefu za watoto wote, mmoja mmoja, akashusha sauti: kama kuna mtu anayesafiri, nimfungie mbegu za vile vitomati vya kofia, kijiko kimoja tu, na ndugu yake asijue.